Samadi, Mfuko na Chupa: Tikiti la Handeni na Korogwe Lilishwe Nini?

Mkulima wa matikiti maji wa Korogwe au Handeni akiuliza atie nini shimoni, anapewa majibu matatu yasiyopatana. Dukani anaambiwa DAP ya kupandia na Urea au CAN ya kukuzia, basi. Kwenye makundi ya simu anaambiwa mbolea ya chumvichumvi inaua udongo, kwamba tikiti lililokuzwa kwayo huoza kabla lori halijafika Dar es Salaam, na kwamba samadi inamtosha. Na tangu maduka ya pembejeo yaanze kupanga chupa za mbolea za kibayolojia, yupo wa tatu anayeapa kuwa lita moja ya vijidudu hai inaziba nafasi ya mifuko yote miwili. Kila mmoja ana ushahidi wake, na mara nyingi ushahidi huo ni picha ya tikiti kubwa lililobebwa kwa mikono miwili.

Picha haisemi udongo ulikuwaje kabla ya kupanda, wala tikiti hilo lilimgharimu mkulima shilingi ngapi. Tukirudi kwenye hesabu za virutubisho na kwenye mazingira ya wilaya hizi mbili, jambo moja linajitokeza: tikiti lina maisha mafupi na njaa ya namna yake. Katika aina hizo tatu hakuna hata moja inayoishibisha njaa hiyo peke yake kwa gharama ambayo mkulima mdogo ataimudu. Kuzichanganya ovyo nako kunaweza kumtia hasara kubwa kuliko kuchagua moja.

Jirani wawili wasiofanana

Korogwe ina maji. Mto Pangani, ambao wenyeji wengi huuita Ruvu, unapita wilayani, na mito ya Lwengera na Mkomazi inaumwagia maji yake. Anayelima bondeni anaweza kupanda tikiti wakati wa kiangazi kwa pampu na kupanga mavuno yaangukie Ramadhani, mwezi ambao tikiti hutafutwa sana pwani yote. Udongo wa mabonde hayo ni wa mfinyanzi uliochukuliwa na mto, una rutuba, lakini baadhi ya maeneo ya Mkomazi na Pangani ya chini yana chumvi.

Handeni ina ardhi na mifugo, ila maji ni shida ya miaka mingi. Mji wa Handeni hutegemea mradi wa HTM uliojengwa miaka ya 1970, unaovuta maji kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha hadi huko. Shamba la tikiti la Mkata au Kabuku hutegemea mvua za vuli na masika, au unyevu unaobaki baada ya masika, na udongo wake mwekundu wa kichanga huacha maji yapite haraka.

Mifugo nayo ina historia. James Giblin, mwanahistoria aliyeandika kuhusu kaskazini mashariki ya Tanzania, ameeleza jinsi sotoka ya miaka ya 1890 na misukosuko ya ukoloni ilivyowapunguzia Wazigua ng'ombe, vichaka vikarudi, na mbung'o wakarudi navyo. Ng'ombe wa leo wa Handeni kwa sehemu kubwa ni wa wafugaji waliohamia, wakiwemo Wamaasai. Ndiyo maana unaweza kukuta zizi lenye samadi ya miaka kadhaa, na kilomita chache tu kutoka hapo mkulima ananunua mfuko wa Urea. Wawili hao hukutana zaidi kwenye migogoro ya mazao kuliwa kuliko kwenye biashara ya samadi.

Korogwe ina hazina nyingine: mkonge. Jani la mkonge hutoa asilimia nne hivi tu ya nyuzi, kilichobaki ni majimaji na makapi. Huko Hale, mwaka 2008, ulizinduliwa mtambo wa kuzalisha biogesi kutokana na mabaki hayo, na tope linalobaki baada ya gesi kutoka ni mbolea. Makapi mabichi ni machachu na hayafai kutiwa shimoni moja kwa moja. Yakilundikwa yakaoza pamoja na samadi, ni mboji ambayo wilaya nyingi hazina.

Njaa ya tikiti

Aina zinazokomaa mapema, kama Sugar Baby, huvunwa siku 75 hadi 85 tangu kupandwa. Katika siku hizo, wiki tatu za mwanzo mmea hula kidogo sana. Kinachotakiwa hapo ni fosforasi karibu na mzizi. Kisha mashina hutambaa, na naitrojeni huhitajika kwa haraka. Kuanzia wiki ya tano au ya sita maua majike yanaanza kushika, na tangu tunda lifikie ukubwa wa ngumi hadi kuvunwa, mahitaji makubwa ni potasiamu, pamoja na kalisi na boroni kwa kiasi kidogo.

Kila tani ya matikiti inayotoka shambani huondoka na takriban kilo moja na nusu hadi mbili za naitrojeni, na kilo mbili hadi tatu za potashi, yaani potasiamu kwa kipimo cha mbolea. Ekari moja iliyotoa tani 12 imetoa basi kilo 18 hadi 24 za naitrojeni, na kilo 24 hadi 36 za potashi, mbali na kilichobaki kwenye mashina na majani. Kwa maneno mengine, tikiti hula potashi kuliko naitrojeni. Tarakimu hizo zinaamua mengi katika ubishi huu.

Upande wa mfuko

Nguvu ya mbolea ya kiwandani ni uhakika na kasi. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosforasi kwa kipimo cha viwandani, na wa CAN una kilo 13 hivi za naitrojeni. Mkulima akiona majani yamepauka wiki ya nne, CAN itaonekana kwenye rangi ya majani ndani ya siku chache. Samadi haiwezi kufanya hivyo.

Tena kuna ruzuku. Bei ya mbolea ilipopanda duniani mwaka 2021 na vita vya Ukraine vikaizidisha mwaka 2022, serikali ilizindua mpango wa ruzuku Agosti 2022, na mfuko wa DAP uliokuwa umevuka Sh 120,000 ukashushwa hadi Sh 70,000. Ruzuku hiyo iliokoa misimu ya wengi. Lakini mahindi na mpunga ndiyo mazao yaliyotuzoesha mazungumzo ya mbolea nchini, na mazoea ya mahindi yamehamia kwenye tikiti: DAP ya kupandia, Urea au CAN ya kukuzia.

Sasa tupige hesabu. Mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa CAN kwa ekari hutoa kilo 22 za naitrojeni na kilo 23 za fosforasi. Potashi ni sifuri. Anayefuata mpango huu anailipia naitrojeni yote na fosforasi zaidi ya mahitaji, huku kile ambacho tikiti linakihitaji kwa wingi kikitoka kwenye akiba ya udongo. Msimu wa kwanza udongo unaweza kuvumilia, kwa sababu baadhi ya ardhi za huku zina potasiamu ya asili ya kutosha. Misimu ikirudiwa kwenye shamba lilelile, matunda yanapungua uzito na sukari, na mkulima anaongeza Urea akidhani ndiyo dawa.

Hapo ndipo sifa mbaya ya chumvichumvi inapozaliwa. Naitrojeni ikizidi, au ikitiwa wakati matunda yanajaa, mmea hurudi kwenye majani, tunda hupasuka au hubaki na uwazi katikati, na ganda huwa laini. Tikiti kama hilo kweli halivumilii safari. Kosa ni la kipimo na wakati, na samadi ya kuku ikizidishwa italeta kasoro zilezile. Wanaomwagilia hadi siku ya kuvuna kisha wakailaumu mbolea kwa tikiti lisilo na utamu nao wajiulize upya.

Udhaifu wa kweli wa mfuko uko kwingine. Hauongezi chochote kwenye uwezo wa udongo kushika maji, na mbolea zenye amonia, hasa SA (salfeti ya amonia), huongeza uchachu wa udongo mwaka hadi mwaka. Katika jaribio la muda mrefu lililoanzishwa Kabete, nje ya Nairobi, mwaka 1976, maploti yaliyopewa mbolea ya kiwandani peke yake yalizidi kuwa machachu na kupungukiwa mboji kadiri miaka ilivyopita; yaliyopewa samadi na mbolea ya kiwandani pamoja ndiyo yaliyoongoza kwa mavuno. Lilikuwa jaribio la mahindi na maharage, lakini kinachotokea kwenye udongo hakichagui zao.

Upande wa zizi

Wanaotetea samadi wana hoja nzito kuliko wanavyojua wenyewe. Wao husema samadi "inalisha udongo", jambo ambalo ni kweli lakini halipimiki. Hoja inayopimika ni potashi.

Naitrojeni ya samadi ya ng'ombe imefungwa ndani ya mabaki ya nyasi, na vijidudu vya udongo huifungua polepole. Msimu wa kwanza hutoka theluthi moja hivi. Potasiamu haijafungwa. Imo katika hali inayoyeyuka kwenye maji, na sehemu kubwa yake hupatikana msimu uleule. Tani mbili za samadi kavu nzuri, yenye asilimia moja ya naitrojeni na moja hadi moja na nusu ya potashi, zitalipa tikiti kilo sita au saba tu za naitrojeni msimu huu, lakini kilo 20 hadi 30 za potashi karibu zote ziko mezani. Kile ambacho DAP na CAN hazina, samadi inacho, na ambacho samadi inakitoa kwa kuchelewa, CAN inakitoa upesi.

Ila potasiamu hiyo inayoyeyuka ndiyo hiyo inayopotea. Ukipita kando ya zizi la wazi siku ya pili baada ya mvua kubwa, utaona maji meusi kama chai yakitiririka kutoka kwenye lundo na kuishia korongoni. Hiyo ndiyo potashi ya tikiti inayokwenda, pamoja na sehemu ya naitrojeni. Lundo lililonyeshewa masika mawili bado litashika unyevu shimoni, lakini kama mbolea limebaki makapi. Nani anayeuliza lundo limekaa wapi kabla ya kulipia tripu?

Kwa Handeni, kushika unyevu si jambo dogo. Udongo wa kichanga wenye samadi shimoni humpa mmea siku kadhaa za ziada kati ya mvua na mvua, na ukavu unaofuatwa na maji mengi ghafla ndio unaoleta kuoza kitako na kupasuka, kwa sababu kalisi haifiki kwenye tunda bila maji yanayotembea.

Gharama ya samadi ni usafiri na mikono. Urea ya kilo 50 hupanda kwenye bodaboda; naitrojeni ileile katika samadi inahitaji zaidi ya tani mbili, na kwa sababu theluthi moja tu ndiyo inayotoka msimu huu, kuifikia Urea kungetaka karibu tani saba. Samadi mbichi huunguza miche, huleta mbegu za magugu, na iliyochanganyika na mabaki ya matikiti yaliyougua inaweza kurudisha mnyauko shambani. Inatakiwa ioze vizuri kwa miezi miwili au mitatu, na mkulima aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hana miezi hiyo. Hilo la kukodi ni kubwa kuliko linavyosemwa: anayelima shamba la mtu kwa siku 80 hana sababu ya kumjengea mwenye shamba udongo wa miaka mitano. Hapo ushawishi wa kilimo hai unagonga ukuta, na ukuta wenyewe ni mkataba wa kukodi.

Kwa wanaotaka mfuko upigwe marufuku kabisa, Sri Lanka ilijaribu. Aprili 2021 Rais Gotabaya Rajapaksa alitangaza kusimamisha uagizaji wa mbolea za kemikali. Mavuno ya mpunga na chai yakaporomoka, na kufikia Novemba mwaka huohuo serikali ilikuwa imerudi nyuma. Nchi nzima haikuwa na samadi ya kutosha kuziba pengo kwa msimu mmoja, na Tanga haina.

Upande wa chupa

Mbolea za kibayolojia ni kundi pana, na upana huo ndio unaowapa wauzaji nafasi ya kuchanganya mambo. Bakteria wa rhizobia wamethibitika kwa miongo mingi. Chuo Kikuu cha Sokoine kiliwahi kutengeneza Nitrosua kwa ajili ya soya, na Kenya ina Biofix. Lakini rhizobia hufanya kazi kwenye mizizi ya jamii ya kunde. Tikiti si kunde. Anayekuuzia rhizobia kwa ajili ya tikiti anakuuzia maji ya bei ghali.

Wanaobaki ni bakteria wa kuyeyusha fosforasi kama Bacillus, wale wa Azotobacter na Azospirillum wanaonasa naitrojeni kidogo bila kuingia kwenye vinundu vya mizizi, kuvu wa mikoriza wanaorefusha mkono wa mzizi, na Trichoderma, ambaye kazi yake kubwa ni kushindana na fangasi wa mnyauko. Kisayansi wote wana msingi. Tatizo ni safari kutoka maabara hadi rafu ya duka lenye paa la bati. Kuanzia mwaka 2009 mradi wa COMPRO, uliosimamiwa na taasisi za utafiti za kimataifa, ulipima zaidi ya bidhaa 100 za aina hii zilizokuwa sokoni Kenya, Ethiopia na Nigeria, na zilizotoa matokeo ya kuaminika zilikuwa chache, rhizobia zikiwa mbele.

Kwa hiyo chupa inunuliwe kwa kazi maalumu. Trichoderma kwenye miche na shimoni, katika shamba lenye historia ya mnyauko, ni matumizi yenye mantiki. Kuitegemea chupa ilete kilo 20 za naitrojeni kwa ekari ni ndoto. Na kabla ya kulipa, kagua usajili wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha angalia kama chupa imekaa kivulini au juani.

Mchanganyiko wa kiwandani

Ipo njia ya nne: mbolea inayotoka kiwandani ikiwa imeshachanganya samadi na madini. Itracom, kampuni yenye asili ya Burundi, imejenga kiwanda Nala, Dodoma, na mbolea zake za Fomi, zikiwemo Otesha, Kuzia na Nenepesha, ziko sokoni. Wazo ni zuri na linapunguza kazi. Lakini samadi iliyomo kwenye mfuko wa kilo 50 ni ya kilo, si ya tani. Haiwezi kufanya kazi ya kushika maji shimoni kama tripu ya zizi. Inunuliwe kama mbolea ya madini yenye nyongeza nzuri, na mkulima asome tarakimu za mfuko kama anavyosoma za DAP.

Mizani

Chukua ekari yenye mashimo 2,000. Kilo moja ya samadi kavu iliyooza kwa shimo ni tani mbili, ikitiwa na kuchanganywa na udongo wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Kizibo cha soda hubeba gramu tano hivi, kwa hiyo vizibo viwili vya DAP kwa shimo ni kilo 20 kwa ekari, vikifukiwa pembeni ya mbegu visiiguse. Wiki ya tatu au ya nne, vizibo vitatu vya CAN, yaani kilo 30. Jumla ya naitrojeni: samadi sita au saba, DAP karibu nne, CAN nane. Imefika 18, fosforasi ya mwanzo ipo, na potashi imetoka zizini. Mifuko miwili imekuwa mmoja, na akiba hiyo ndiyo inayolipa gari la samadi.

Asiyepata samadi nzuri anunue NPK yenye potashi kwa ajili ya kukuzia baada ya tunda kushika. Walio kwenye bonde lenye chumvi waikwepe potashi ya kloridi na kutafuta ya salfeti, ingawa bei yake ni kubwa.

Lakini mpangilio ni muhimu kuliko vipimo, kwa sababu vitu hivi hugombana. Majivu yakikutana na Urea, DAP au CAN, naitrojeni hupaa hewani. Harufu kali inayochoma pua ni pesa inayoondoka. Fosforasi nyingi shimoni huifanya mikoriza izembee, kwa hiyo kununua mikoriza na kumwaga DAP nyingi shimo lilelile ni kulipa mara mbili kwa kazi moja. Trichoderma ni kuvu, na dawa ya kuua fangasi haimbagui. Viwili hivyo viachane kwa siku kadhaa. Anayemwagilia kwa matone asichanganye naitreti ya kalisi na mbolea ya fosfeti au salfeti kwenye tangi moja, maana hugeuka mashapo magumu na kuziba mipira.

Vipimo hivi vyote vinasimama juu ya dhana kuhusu udongo ambao haujapimwa. Na hapo wakulima wa Tanga hawana kisingizio cha umbali: TARI Mlingano, kituo kinachoongoza utafiti wa udongo nchini, kiko Muheza, wilaya jirani. Bila kipimo hicho, shamba lenye potasiamu tele na lililokwisha linapewa dawa moja.

Uamuzi

Kwa Handeni, samadi itangulie, hata kama mkulima atapata nusu tani tu, kwa sababu maji ndiyo yanayombana kwanza. Mfuko ufuate kwa nusu ya mazoea. Kwa Korogwe bondeni, mwenye pampu anaweza kuanza na mfuko wenye potashi, lakini akirudia shamba lilelile misimu mitatu bila samadi wala mboji ya mkonge, atakuwa anakula mtaji. Chupa ibaki ya mwisho kwenye orodha ya manunuzi kwa wote wawili, isipokuwa pale mnyauko umeshaingia shambani.

Halmashauri nazo zina la kufanya lisilohitaji fedha nyingi. Kati ya Handeni na Korogwe kuna barabara ya lami ya kilomita 65. Upande mmoja una mazizi, upande wa pili una mashamba ya umwagiliaji. Maafisa mifugo na maafisa kilimo wakae na wafugaji wapange bei ya tripu, na wawashauri waezeke lundo la samadi kwa makuti au turubai kabla ya masika. Ruzuku ya mfuko ipo tayari. Samadi iliyofunikwa haijapata hata kikao kimoja.